Shingo ya Gitaa la Akhmudan

Siku ya tatu mfululizo Tamumint alipopitisha kutwa nzima bila kulitaja jina la mwanawe wa kiume, binti yake Assalama alianza kuogopa kikweli.

Mwanzoni alijidanganya kwamba mama yake amepitiwa tu. Mama alisema "blanketi la yule" badala ya blanketi la Akhmudan, akasema "yule alipenda chai yenye povu jingi," na Assalama akajifanya hakusikia. Lakini Tamumint si mtu wa kupitiwa. Ni mwanamke anayeweza kukutajia mbuzi wake wote waliokufa mwaka wa ukame, mmoja mmoja, na rangi zao. Na kwetu sisi, jina la mtu likiachwa kutajwa ndani ya nyumba yake, maana yake ni moja. Marehemu haitwi. Ukimwita anaweza kuitika, na nani anataka kuitikiwa kutoka huko?

Hakuna aliyekuja na habari ya msiba. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna dereva aliyesimama mlangoni akavua viatu polepole. Kilicholeta yote hayo ni gitaa.

Akhmudan, mtoto wa kiume pekee wa nyumba hiyo, alikuwa ameondoka Agadez karibu majuma mawili nyuma, juu ya gari lililojaa madumu ya maji na vijana wenzake, kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya kaskazini, ng'ambo ya jangwa la Ténéré. Asubuhi ya kuondoka mama alikuwa analia, na yeye akatafuta la kumchekesha, maana ndiyo tabia yake tangu utotoni, hawezi kuona chozi bila kulitupia mzaha. Akamwambia, "Mama, gitaa langu namwachia Assalama. Atakuwa anakupigia kila siku baada ya alasiri. Ukisikia linalia vizuri, ujue mimi mzima huko niliko." Maneno ya kijana anayetaka kupanda gari haraka. Lakini mama aliyashika kama ahadi iliyoapiwa. Kila alasiri alikaa kwenye mkeka, uso kaskazini, akausikiliza wimbo uleule mmoja mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu Akhmudan yuko salama leo." Hapo ndipo alipokubali kula.

Siku mbili za kwanza Akhmudan alipiga simu. Halafu gari likaingia jangwani na simu ikanyamaza. Safari ya kufika Dirkou, mji wa huko jangwani, ni ya siku tatu, nne ukizidisha. Kimya kilikuwa kimefika siku kumi na moja.

Katikati ya kimya hicho ukaanza upepo mkavu wa mashariki, ule unaopasua midomo na milango, na gitaa nalo likaanza kukwaruza. Kidogo tu, uzi mmoja mnene, kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Mama akainua kichwa.

"Nani anaongea humo?"

"Hakuna mtu, mama. Ni upepo. Mbao zimekauka."

"Kuna mtu anaongea humo," mama alisema, akalitazama gitaa kwa jicho ambalo Assalama hakulipenda hata kidogo. Hakuwataja, lakini ilijulikana anawafikiria akina nani: Kel Essuf, wale watu wa upweke wasioonekana, wakaao mahali pasipokaa mtu, ambao msafiri akipotea ndio wanaokuja kumfanyia mazungumzo.

Hapo ndipo Assalama alipofanya alilolifanya, na tafadhali tusimcheke. Huyu ni binti aliyekulia kwenye ngoma ya tinde, ile ya kinu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, ikabanwa kwa michi miwili ambayo wanawake huikalia. Tinde ikikauka na kulia vibaya, mwanamke yeyote wa kwetu anajua dawa yake ni maji. Unailowesha ngozi, unaipa muda, sauti inarudi. Gitaa alifundishwa na kaka yake kwa miaka miwili tu, ila tinde imo mikononi mwake tangu hajaota meno. Basi akalowesha kitambaa, akakizungushia shingo ya gitaa mpaka pale inapoungana na mwili, akakiacha hapo kutwa nzima, na kila kilipokauka akakimwagia maji mengine.

Kesho yake gitaa lilikuwa vilevile. Keshokutwa nyuzi zote sita zilikwaruza, juu na chini, na wimbo wa Akhmudan ukatoka kama minong'ono ya watu walioko chumba cha pili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akakung'uta mkeka, na hakusema mwanangu Akhmudan yuko salama. Bakuli lake lilirudi jikoni limejaa. Tangu alasiri hiyo Akhmudan akawa "yule".

Assalama hakumwambia mtu habari ya maji. Akili ilimwambia ameharibu mbao, basi, mbao ni mbao. Lakini kila alipomsikia mama akisema "yule", alijiuliza: na kama mama ndiye anayesikia sawasawa?

Asubuhi ya siku ya nne alilifunga gitaa ndani ya shuka, akaaga kwamba anakwenda kutafuta nyuzi mpya, akashika njia ya kwa Ghumur.

Ghumur ni fundi chuma, wa ukoo uliowafulia wazee wa kina Assalama panga na vikuku tangu enzi za misafara ya chumvi. Siku hizi anatengeneza pikipiki, redio, na magitaa ya mtumba yanayokuja yamevunjikavunjika kutoka pwani. Mafundi kwetu hawana haya. Linalowashinda wengine kulitamka, fundi analitamka sokoni kwa sauti, na watu wanainamisha macho, kwa sababu kinywa cha fundi kinaogopwa kuliko panga alilolifua.

"Ahaa! Waungwana wamewakumbuka maskini leo!" Ghumur alipiga kelele alipomwona. "Mimi nakumbukwa kwa mawili tu, kupeleka posa au kuunga kilichovunjika. Umekuja kuolewa?"

"Salaam aleikum, mjomba."

"Basi kimevunjika. Lete nikione."

Alilishika lile gitaa jekundu kwa ubavu, akafumba jicho moja, akachungulia shingo kutoka mwisho hadi mwisho kama mtu anayekagua mkuki. Assalama hakuangalia mikono yake. Aliangalia kinywa.

"Nani kalinywesha maji?"

Assalama akaanza kulikunja shuka.

"Nauliza, nani kalinywesha? Hizi skrubu zina kutu ya rangi ya chungwa. Kutu ya zamani ni nyeusi. Hili limeogeshwa juzijuzi."

"Mimi."

"Lilikuambia lina kiu?"

"Lilikauka, mjomba. Nikafanya kama tinde."

Ghumur alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe aliyekuwa ndani akishona ngozi. "Mama watoto! Njoo usikie! Binti wa Tamumint kaliloweka gitaa kama tinde! Kesho atalifunga michi miwili na kukalisha wanawake juu yake!" Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko alipomwona Assalama usoni, na kicheko kikakatika palepale.

"Kuna nini, mwanangu?"

Akamweleza yote: wimbo, mama na mkeka, minong'ono. Akamalizia kwa lile la jina.

"Hamtaji kabisa?"

"Siku ya nne leo."

Ghumur alilaza gitaa juu ya gunia polepole. "Hilo halina mzaha," alisema.

Akaanza kazi. Kwa kidole kimoja alibana uzi kwenye chuma cha kwanza cha shingo, kwa kidole kingine akaubana kule mwisho, halafu akamwamuru Assalama apitishe wembe katikati, chini ya uzi. Wembe haukupita.

"Unaona? Hapo panatakiwa nafasi ya wembe. Shingo imetunisha mgongo. Ndani yake kuna chuma kirefu chenye nati mwishoni, ukiizungusha nati shingo inatii. Sasa nati ya hili gitaa imefichwa ndani ya maungio. Lazima niing'oe shingo nzima."

"Ing'oe."

"Subiri kwanza nikutishe. Mwaka juzi nilizungusha moja iliyokuwa na kutu kama hii. Ikalia tak! Chuma kikakatikia ndani. Shingo ya hivyo haina dawa, inabaki ya kukorogea uji. Mwenyewe tukikutana njiani anavuka upande wa pili mpaka leo." Alikuna ndevu. "Halafu kuna kitu kingine sikielewi. Nyuzi zimeshuka kila mahali, hata huku juu karibu na mwili. Hiyo si kazi ya nati peke yake."

Assalama alikuwa ameyaona tayari kichwani: gitaa kimya ukutani, na mama akitandika mkeka wa wageni, majirani wakiingia mmoja mmoja kumpa mkono.

"Mjomba, hiki chuma kikikatika, mama ataweka matanga. Ataweka matanga ya mtu aliye hai."

"Kama yu hai," alisema Ghumur.

Lilimtoka tu. Alijifunika kinywa kwa kilemba, akageuka, akatema mate pembeni mara tatu. "Nimelifuta. Umenisikia? Nimelifuta!" Assalama akakaa chini bila kukaribishwa. Neno la fundi likishatoka limetoka, hivyo ndivyo alivyolelewa kuamini, na hata Ghumur mwenyewe alionekana hajiamini kwamba amelifuta.

Skrubu za maungio ni nne. Tatu zilitoka bila ugomvi. Ya nne iligoma, Ghumur akaidondoshea mafuta ya taa, wakangoja. Upepo ulirusha mchanga juu ya bati la kibanda. Mwishowe skrubu ikakubali, ikizunguka kwa mlio mbaya, na Ghumur akaichomoa shingo kutoka kwenye tundu lake.

"Ndiye huyu!" alisema kwa furaha. "Mwizi wetu huyu hapa!"

Ndani ya tundu, mbele kabisa, palikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa ikawa pande dogo. Ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa nyembamba kama jani kavu, imegandamana na mbao.

"Kaka yako huyu. Na mimi ndiye niliyemshauri, kama mwezi hivi nyuma. Vikalio vya nyuzi vimeganda kwa kutu, haviinuki tena, nikamwambia weka kitu chini ya shingo, kigumu, kidogo tu, nyuzi zitapanda zenyewe. Sasa maji yako yalipenya humu, karatasi ikalainika, ikapondeka. Shingo ikalala, nyuzi zikashuka juu ya vyuma. Kwisha maneno! Si jini, si nini, ni karat..."

Alikuwa ameiinua karatasi kwa ncha ya kisu na kuisogeza penye mwanga. Ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, umepita kwa urefu na kwa upana.

Assalama alikuwa ameujua uzi huo kabla karatasi haijatoka kwenye mbao. Ulichomolewa kwenye shuka la mama, yeye akiwapo. Wiki moja kabla ya safari mama alikwenda kwa mwalimu wa msikiti wa kale, akaandikiwa karatasi kwa wino wa kalamu ya mti, akaikunja mara saba kwa mkono wake, akaifunga kwa uzi wa shuka lake, akaileta hapahapa kwa mke wa Ghumur ishonewe ndani ya ngozi iwe hirizi. Akamvisha Akhmudan shingoni. "Usiivue hata ukioga," alimwambia. Akhmudan aliinamisha kichwa avishwe, akicheka.

"Uzi huu ni wa mama," Assalama alisema.

Ghumur aliiachia karatasi ikaanguka juu ya gunia. Mtu aliyeshika chuma cha moto maisha yake yote, akarudisha mkono kama aliyeungua. Akamwita mkewe, na safari hii si kwa kicheko. Mkewe alitoka na sindano mkononi, akatazama kwa mbali, hakukaribia.

"Niliishona mimi," alisema. "Mishono midogo, mara mbili kuzunguka. Haifumuki yenyewe. Mtu ameifumua."

Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Akilini Assalama alimwona kaka yake asubuhi ile ya mwisho, bisibisi mkononi, ana haraka, anataka dada yake aachiwe gitaa linalopigika. Alihitaji kitu kigumu kilichokunjwa vizuri, na kitu hicho kilikuwa kinaning'inia kifuani kwake. Akhmudan hajawahi kuogopa kitu. Bila shaka alifumua mishono michache, akaitoa karatasi, akarudisha kifuko cha ngozi shingoni kikiwa kitupu ili mama asijue. Aliona ni mzaha mzuri.

Na sasa alikuwa katikati ya Ténéré na ngozi tupu.

Hofu aliyokuja nayo Assalama ilikuwa hofu ya mbao na nati. Aliitamani. Hii iliyomshika sasa haikuwa na fundi wa kuitengeneza. Akanyoosha mikono, akaichukua karatasi.

"Usiikunjue, binti," Ghumur alisema.

Aliikunjua. Ilichanika kidogo kwenye mikunjo. Ndani hapakuwa na herufi hata moja. Wino wote ulikuwa umetiririka, umechanganyika, umebaki rangi moja ya kijivu kama maji yaliyoogesha vyombo. Maji yake yeye. Akhmudan aliitoa karatasi ndani ya hirizi, lakini aliyeyafuta maneno ni yeye, kwa kitambaa, kutwa nzima, akikimwagia tena kila kilipokauka.

"Maandishi yakioshwa hunywewa," alisema mke wa Ghumur kwa sauti ya chini. "Mgonjwa si anakoshewa ubao akanywa? Yaliyonywewa hayajapotea."

"Yamenywewa na nani, shangazi? Na gitaa?"



Ghumur akavuta shingo karibu. "Karatasi ni yenu, siigusi tena," alisema. "Lakini shingo ni yangu. Mama yako hajala siku ngapi?"

"Anakunywa maziwa kidogo."

"Basi tumalize hili."

Nati ilikuwa imeoza kwa kutu. Aliipa mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya waya, akatia bisibisi pana kwenye ufa wake, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea. Akaegemea tena, mishipa ya shingo yake imemtoka. Mara ikalia: tak!

Assalama alipiga ukelele. Mke wa Ghumur akaangusha sindano. Ghumur alibaki ameganda, macho ameyafumba, na jasho likamshuka puani katika baridi ile ya asubuhi. Kisha polepole akaisogeza bisibisi nyuma kidogo, mbele kidogo, akihisi kwa vidole.

"Ni kutu," alisema. "Kutu imeachia. Chuma kizima." Akacheka cheko dogo, la mtu aliyeokoka. Akailegeza nati robo mzunguko, akachungulia shingo, akailegeza tena kidogo, akatikisa kichwa akiridhika.

Pahali pa karatasi aliweka kipande cha ngozi. Mkewe alikitafuta kwenye kapu la mabaki na kukikata kwa kipimo, na Assalama aliitambua rangi yake, kijani iliyoiva. Ilikuwa ngozi ileile iliyoshonewa hirizi. Skrubu nne zikarudi, nyuzi zikakazwa. Wembe ukapita. Ghumur akapiga uzi mmoja mmoja, kila chuma, kutoka chini hadi juu, na kila sauti ikatoka safi.

"Nenda kampigie mama yako," alisema. "Kuhusu hilo lingine, mimi sijaona kitu. Na wewe, ukiniuliza mimi, hujaona kitu."

Alasiri hiyo Assalama aliwasha kikuza sauti kwa betri ya gari, akakaa mbele ya mkeka. Karatasi alikuwa ameifunga kwenye pindo la shuka lake, kiunoni, na ilimchoma kila alipopumua. Alipiga wimbo wa Akhmudan bila kukosea. Mama alisikiliza, uso kaskazini. Wimbo ulipokwisha midomo yake ilichezacheza, kama mtu anayejaribu kutembea baada ya kuugua.

"Mwanangu Akhmudan," alisema. Akalirudia jina peke yake, "Akhmudan. Yuko salama leo." Akaomba apewe uji wa mtama wenye jibini na tende, na akanywa bakuli zima.

Assalama alitakiwa afurahi. Hakuweza. Jana gitaa lilikuwa linasema kweli, yeye ndiye aliyekwenda kulifundisha uongo.

Simu iliita kesho yake, mama akiwa na bakuli mkononi. Namba ilikuwa ngeni. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, sauti imefunguliwa, na kutoka ndani ya kishindo cha upepo ikatoka sauti ya Akhmudan, imekauka, lakini ni yake.

"Mama! Tumefika Dirkou! Gari lilituharibikia kidogo tu."

Tamumint alilia, akacheka, akamtukana, akamwombea, vyote kwa pumzi moja. Halafu akauliza, "Hirizi yangu iko shingoni?"

Kimya kilikuwa kifupi sana. Asiyejua asingekisikia.

"Iko, mama. Nimeishika hapa."

"Si nilikuambia? Si nilikuambia!"

"Uliniambia, mama. Nipe Assalama. Nataka anipigie gitaa kidogo."

Assalama aliiweka simu juu ya mkeka, akapiga kipande cha mwanzo cha wimbo. Alipomaliza aliifunga sauti ya nje, akaiweka simu sikioni, akasogea hatua chache mpaka ukutani.

"Umeifungua shingo," Akhmudan alisema.

"Unasema nini?"

"Uzi mnene ulikuwa unakwaruza kidogo pale juu, sikio langu tu ndilo lililosikia. Niliuacha hivyo, nilikuwa na haraka. Sasa haukwaruzi. Mmeifungua."

"Ghumur aliifungua."

"Mmeiona."

"Tumeiona."

Alisikia upepo wa Dirkou, na mtu akikohoa karibu yake, kikohozi kirefu kisichokwisha.

"Gari lilikufa katikati," Akhmudan alisema. "Tulikaa siku tisa. Maji yalikwisha siku ya sita. Tulikuwa kumi na tisa, Assalama. Watatu tuliwazika palepale."

Akhmudan hasahau jina la mtu. Akikaa na watu nusu saa tu anakutajia majina yao, na ya baba zao, na kila mmoja amempa la utani. Assalama alingoja ayataje majina ya wale watatu, na hakuyataja.

"Rudi nyumbani," alimwambia. "Akhmudan, nakuomba. Rudi."

"Kurudi ni njia ileile. Dereva amepata gari jingine, kesho tunaendelea kaskazini." Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtoto ambaye Assalama hakuwahi kumsikia. "Nilikuwa nakishika kile kifuko, unajua? Kila siku. Nakibonyeza, hakina kitu ndani. Sikiliza. Maandishi bado yanasomeka?"

Assalama alitia vidole kwenye pindo la shuka. Karatasi ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu, ikalia kidogo ilipoguswa. Nyuma yake mama aliuliza kwa furaha, mdomo umejaa, "Anasema nini mwanangu Akhmudan?"

"Yanasomeka," Assalama alisema kwenye simu. "Yote. Hata nukta zake."

Akhmudan alishusha pumzi, na ilisikika mpaka Agadez.

"Basi yaweke pakavu," alisema, na simu ikakatika.